Elie Metchnikoff: Aliyechoka kuishi, kisha akasaka siri ya kuzeeka vizuri

Ukidungwa na mwiba kidoleni unajua kitakachofuata. Mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata moto, na ukichelewa kuutoa mwiba, usaha unatunga. Wengi wetu tunaona hiyo ni kero tu. Tunafinya, tunapaka spiriti, maisha yanaendelea.

Zaidi ya miaka 140 iliyopita, jamaa mmoja mwenye ndevu nyingi na nywele zisizojua kitana aliutazama mwiba wa aina hiyo kupitia hadubini, akaona vita. Pale kwenye uvimbe, askari wadogo wa mwili walikuwa wamejazana wakimzingira adui. Leo tukisema fulani ana kinga nzuri ya mwili, tunaongea lugha ambayo jamaa huyo alisaidia kuianzisha. Na ukiwasikia watafiti wa sasa wakidai kwamba kinga ya mtu wa miaka 40 inaweza kuonyesha atakavyozeeka, jua kwamba mtu wa kwanza kuunganisha mambo hayo mawili, kinga na uzee, alikuwa yeye.

Jina lake ni Elie Metchnikoff. Na kabla hajawa mhubiri wa maisha marefu, alijaribu mara mbili kuyakatisha yake.

Mtoto asiyetulia

Alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kimoja karibu na mji wa Kharkov, sehemu ambayo leo ni Ukraine lakini wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Wazazi walimwita Ilya. Babake alikuwa afisa wa jeshi la mfalme, mamake alitoka familia yenye asili ya Kiyahudi. Yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Tangu utotoni alipenda mimea na wadudu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwakusanya watoto wenzake na kuwahutubia kuhusu viumbe, na walipoanza kupiga miayo, aliwalipa vijisenti vyake ili wasitoroke. Fikiria, mwalimu anayelipa wanafunzi!

Chuo Kikuu cha Kharkov kilikuwa na kozi ya miaka minne. Yeye aliimaliza kwa miaka miwili. Akaenda Ujerumani na Italia kusomea viumbe vya baharini, na alipofikisha umri wa miaka 22 tayari alikuwa akifundisha chuo kikuu mjini Odessa, huku baadhi ya wanafunzi wake wakiwa wakubwa kumliko.

Kwa nje unaona kijana aliyefaulu. Ndani mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye wasiwasi mwingi, macho yakimsumbua, na alishaamini kwamba binadamu ameumbwa vibaya na maisha hayana raha.

Mara mbili alikata tamaa

Mwaka 1869 alimuoa Ludmila. Bibi harusi alikuwa akiugua kifua kikuu, tena kimemzidi hivi kwamba siku ya harusi alibebwa kwenye kiti hadi kanisani kwa sababu hakuweza kutembea. Kwa miaka minne Metchnikoff alifanya kazi usiku na mchana, akatafsiri vitabu ili apate pesa za dawa, akamhamisha mke wake kutoka nchi moja hadi nyingine akitafuta hewa nzuri. Haikusaidia. Ludmila alifariki mwaka 1873 kwenye kisiwa cha Madeira.

Mume wake hakuwa na uwezo hata wa kuhudhuria mazishi. Akajaribu kujiua. Mwili wake ukakataa, akapona.

Miaka miwili baadaye alimuoa Olga, msichana mdogo aliyekuwa jirani yake Odessa na ambaye alimfundisha elimu ya viumbe. Mambo yakaanza kutulia, kisha yakavurugika tena. Olga aliugua homa ya matumbo karibu afe. Machi 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, akauawa, na siasa zikaingia hadi ndani ya vyuo. Mwaka huo huo kakake Ivan, aliyekuwa hakimu, alifariki akiwa na miaka 45 hivi. Huyo Ivan ndiye ambaye mwandishi Leo Tolstoy alimtumia kama kielelezo cha mhusika katika kitabu chake maarufu kuhusu hakimu anayekufa.

Metchnikoff akavunjika moyo mara ya pili. Safari hii alijiambukiza ugonjwa wa homa kwa makusudi. Aliugua vibaya sana. Na mwili wake, ambao hakuwa ameuomba chochote, ukapigana na vijidudu hadi ukavishinda.

Alipoinuka kitandani alikuwa mtu mwingine. Olga, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya mumewe, anaeleza kwamba aliamka na hamu ya kuishi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Tukumbuke pia kwamba alikuwa na mke na marafiki waliomshika mkono. Kama wewe unayesoma hapa uko kwenye giza kama lile, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu leo.

Krismasi ya mwiba

Mwaka 1882 aliacha kazi chuoni kwa sababu ya vurugu za siasa, akahamia Messina, kwenye kisiwa cha Sicily, pamoja na Olga na wadogo zake Olga ambao walikuwa chini ya uangalizi wao. Hakuwa na kazi wala maabara rasmi. Alikuwa na hadubini sebuleni na bahari mbele ya nyumba. Umri wake ulikuwa miaka 37.

Siku moja mwishoni mwa mwaka, familia nzima ilienda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa. Yeye akabaki. Alikuwa akichunguza vitoto vya kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Vitoto hivyo vina mwili wa kupenyeza mwanga kama kioo, kwa hiyo unaweza kuona kila kinachotokea ndani bila kuvipasua. Aliona seli fulani zikitambaa humo ndani, na ghafla wazo likamjia. Vipi kama seli hizi kazi yake si kula chakula tu, bali pia kulinda mwili dhidi ya wavamizi?

Kama ni kweli, alisema moyoni, basi nikidunga mwiba ndani ya mwili huu, seli hizo zitakuja mbio kuuzunguka, jinsi usaha unavyozunguka mwiba kidoleni mwa mtu.

Bustanini kulikuwa na mchenza mdogo ambao familia ilikuwa imeupamba kwa ajili ya watoto uwe mti wao wa Krismasi. Alitoka nje, akachuma miiba ya waridi, akavidunga vitoto vile chini ya ngozi. Usiku huo usingizi haukuja. Alfajiri aliinama kwenye hadubini, na hapo zilikuwa: seli zimejipanga pande zote za mwiba, zinajaribu kuumeza.

Kumbuka kwamba kiti cha pweza hakina damu kama yetu. Hivyo aliweza kuonyesha kwamba ulinzi huu ni wa kale sana, ulikuwepo kabla ya mishipa na kabla ya mifupa. Seli hizo zikapewa jina la Kigiriki, fagosaiti, yaani seli zinazokula. Baadaye alichunguza kidudu cha majini kiitwacho dafnia kilichoshambuliwa na kuvu. Pale ambapo seli zilifaulu kula kuvu, dafnia aliishi. Pale zilipozidiwa, alikufa. Ni hayo tu, lakini yalitosha kuanzisha elimu nzima.

Madaktari wengi hawakukubali. Walikuwa wameshaona chembe nyeupe za damu zikiwa na vijidudu ndani yake, lakini walidhani chembe hizo ni magari yanayosambaza ugonjwa mwilini. Sasa huyu mtu wa samaki na wadudu, ambaye hata si daktari, anakuja kuwaambia kwamba usaha ni jeshi?

Paris yamfungulia mlango

Alirudi Odessa mwaka 1886 kuongoza kituo cha chanjo, mambo yakaenda mrama. Maelfu ya kondoo wa wakulima walikufa baada ya kuchanjwa dhidi ya kimeta akiwa safarini. Lawama zikamwangukia, akaamua kuondoka. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa nafasi katika taasisi yake mpya jijini Paris, na hapo Metchnikoff alikaa miaka 28, hadi kufa kwake.

Kwa karibu miaka 20 alibishana na wanasayansi wa Ujerumani. Wao walisema kinga iko kwenye maji ya damu, katika kemikali zinazoua sumu. Yeye akasema iko kwenye seli. Mwaka 1892 alifikia hadi kunywa vijidudu vya kipindupindu ili aelewe kwa nini wengine huugua na wengine hawaugui. Yeye hakudhurika, lakini mmoja wa waliojitolea kumfuata nusura afe, na jambo hilo lilimtia hofu kubwa. Si kila ujasiri wa mwanasayansi ni wa kuigwa.

Ubishi uliisha kwa heshima kwa pande zote mbili. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa kati yake na Mjerumani Paul Ehrlich. Leo tunajua wote walikuwa sahihi. Seli hula adui, na kingamwili zilizo katika damu humnasa na kumwekea alama ili aliwe haraka.

Soja wa ploti akigeuka

Sasa tufike kwenye lile lililomfanya atajwe katika habari za uzee.

Metchnikoff alipovuka miaka 50, alianza kusikia mwili wake unabadilika. Moyo haukuwa imara, na ukoo wake haukuwa wa watu wa kuishi sana. Mbali na Ivan, kakake mwingine, Lev, alikufa akiwa na miaka 50. Kwa hiyo swali la uzee kwake halikuwa la vitabuni. Lilikuwa linabisha mlangoni.

Akatembelea wazee hospitalini, akachunguza ubongo na viungo vya waliofariki, na kila alipotazama aliwaona rafiki zake wa zamani: seli walaji, zile kubwa ziitwazo makrofeji, zimezunguka seli za ubongo na za viungo vingine. Akatoa hitimisho la kushtua. Alisema uzee tunaoujua, ule wa maumivu na kupoteza akili, si wa asili. Ni ugonjwa. Na wanaoleta ugonjwa huo ni askari wetu wenyewe.

Chukua mfano wa soja wa ploti. Akiwa kijana na analipwa vizuri, usiku unalala fofofo. Lakini akinyweshwa pombe kila siku na kunyimwa mshahara, itafika siku ataanza kuiba viatu vya wapangaji. Nani alimharibu soja? Metchnikoff aliamini jibu liko kwenye utumbo mpana, ambamo bakteria huozesha mabaki ya chakula na kutoa sumu. Sumu hiyo, kwa maoni yake, hudhoofisha viungo na kuwachochea walaji wavishambulie.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu maumbile ya binadamu, na humo akaipa elimu ya uzee jina ambalo bado linatumika duniani kote: jerontolojia. Kabla yake uzee ulikuwa mambo ya washairi na makasisi. Yeye aliuingiza maabara.

Homa ya maziwa ya mgando

Kama bakteria wabaya ndio wanaomharibu soja, dawa ni kuwapeleka bakteria wazuri wakawafukuze. Metchnikoff alikuwa amesikia kuhusu wakulima wa Bulgaria wanaokunywa maziwa ya mgando na kuishi miaka mingi. Mwaka 1905 Mbulgaria kijana, Stamen Grigorov, alieleza bakteria anayegandisha maziwa hayo, na Metchnikoff akamkumbatia bakteria huyo kama mkombozi.

Mhadhara wake wa 1904 kuhusu uzee ulikuwa umeshawasha moto. Magazeti ya Paris, London na Marekani yaliandika eti siri ya ujana imepatikana. Maduka ya dawa yakauza maziwa ya mgando na vidonge vyake. Matapeli wakatumia jina lake bila aibu. Kampuni ya Danone, iliyoanzishwa Barcelona mwaka 1919, ilianza kwa kuuza maziwa ya aina hiyo kupitia maduka ya dawa, ikifuata wazo lake.

Hapa kwetu ungemcheka kidogo. Mala na mursik zilikuwa kwenye vibuyu vya mabibi zetu kabla Paris haijajua, na hakuna aliyehitaji profesa kumwambia anywe.

Lakini homa hiyo ilikuwa na upande mbaya. Daktari wa upasuaji Arbuthnot Lane wa London alichukulia wazo la utumbo wenye sumu kwa uzito wote, akawa anawakata wagonjwa utumbo mpana. Wazo la mtu mwenye tuzo likienda mbio kuliko ushahidi, wanaoumia ni wagonjwa.

Metchnikoff mwenyewe aliishi alichohubiri. Aliacha pombe, hakula chakula kisichopikwa, alikunywa maziwa yake kila siku, na aliufuatilia mwili wake kama mhasibu anavyofuatilia hesabu za duka. Yule kijana aliyeona maisha hayana maana akawa mzee mcheshi ambaye aliwaandalia wanafunzi chai maabara na kuwaambia kuhusu siku ambapo binadamu atazeeka bila mateso. Mwaka 1909 alimtembelea Tolstoy, yule aliyeandika kifo cha hakimu, na wazee hao wawili wakazungumza kuhusu maisha na mauti.

Mwisho wake

Vita Kuu ya Kwanza ilimvunja moyo. Vijana wa maabara waliitwa vitani na utafiti ukasimama. Mwezi Mei 1915 alitimiza miaka 70. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki Paris Julai 15, 1916, akiwa na miaka 71, na inaelezwa kwamba siku za mwisho alimkumbusha daktari rafiki yake achunguze vizuri utumbo wake. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Waliomcheka walisema: huyu aliyetuahidi zaidi ya miaka 100, mbona kaondoka na 71? Ni swali halali. Lakini aliwazidi kaka zake wawili tuliowataja kwa miaka 20 na zaidi.

Alikosea wapi, alipatia wapi?

Alikosea kuhusu utumbo mpana. Si pipa la sumu, na bakteria wengi humo wanatusaidia. Alikosea pia alipodhani kwamba seli walaji ndizo zinazokula rangi ya nywele na kuleta mvi. Na maziwa ya mgando ni chakula kizuri, lakini hayamfanyi mtu aishi milele.

Alichopatia ni mahali pa kutazama. Mwaka 2000 Mtaliano Claudio Franceschi na wenzake walieleza kwamba mwili unaozeeka hukaa na moto mdogo usiozimika, kama makaa chini ya jivu. Kinga imeamka na hairudi kulala. Moto huo unahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari na kupoteza kumbukumbu. Makrofeji wa ubongo nao sasa wanachunguzwa kwa makini katika ugonjwa wa Alzheimer.

Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Sunil Ahuja wa San Antonio, Texas, lilichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti wa watu wapatao 48,500, Wakenya wakiwemo. Halikuuliza tu mtu ana miaka mingapi. Liliangalia uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu, CD4 na CD8, na jeni zinazowaka mwili unapopambana. Kila mtu hupata maambukizi. Tofauti ni kwamba kinga ya wengine ikishapigana hurudi kwenye utaratibu wake, na ya wengine hubaki imevurugika. Waliorudi sawa waliishi zaidi na kuugua kidogo.

Mwaka 2025 kundi hilo hilo likaandika kwamba tofauti hii ina uzito hasa katika umri wa makamo. Mtu wa miaka 40 mwenye kinga thabiti alikuwa na faida ya takriban miaka 15 ya kuishi kumliko mwenzake wa umri huo mwenye kinga dhaifu. Baada ya miaka 70 faida hiyo hupungua sana. Ina maana uzee hauanzi siku ya kuchukua pensheni.

Hizi ni takwimu za makundi, si hukumu ya mtu mmoja. Usikimbilie kliniki yoyote ya mtaani inayodai inaweza kusoma damu yako na kukutajia mwaka wa kufa. Metchnikoff alishawaona matapeli wa aina hiyo, na walitumia jina lake.

Lakini kama uko na miaka 22 na unadhani 40 ni mbali, piga hesabu: ni miaka 18 tu. Yule jamaa alianza kuuchunga mwili wake akiwa amevuka 50, baada ya kuutesa ujana wake wote, na bado ulimpa muda wa kufanya kazi iliyobadilisha tiba. Kwa hiyo siku mwiba utakapokudunga na kidole kivimbe, kitibu, lakini usikasirike sana. Hao ni watu wako wako kazini.